Nuru ya Bei Nafuu: Historia ya Kemikali za Floresensi katika Kupima Magonjwa

Miongoni mwa mbinu ambazo tiba ya kisasa huzitumia kutambua ugonjwa, zipo zinazotegemea kemikali zenye tabia ya kupokea mwanga wa rangi moja na kuutoa ukiwa wa rangi nyingine, tabia ambayo wanasayansi huiita floresensi. Kemikali ya aina hiyo ikitengenezwa kwa namna ambayo mng'ao wake huwaka, huzimika au hubadilika rangi inapokutana na kitu fulani, kiwe ni chumvi iliyomo katika damu, oksijeni au kimelea cha ugonjwa, huitwa kihisio, kwa kuwa hudhihirisha kitu ambacho jicho lenyewe haliwezi kukiona. Nyingi za rangi hizi si ghali, kwani kiasi kidogo sana hutosha kwa vipimo vingi, na baadhi yake zimejulikana tangu karne ya 19. Hata hivyo, kwa muda mrefu wagonjwa wa nchi maskini hawakunufaika nazo, na kikwazo hakikuwa rangi zenyewe bali mambo yaliyozizunguka: taa ya kuziwasha, chombo cha kuusoma mng'ao wake, na mtaalamu wa kuufasiri. Historia ya vihisio hivi kwa sehemu kubwa ni historia ya jinsi gharama za mambo hayo matatu zilivyopunguzwa moja baada ya nyingine, na jinsi gharama hiyo ilivyoibuka tena mahali pengine.

Maandishi ya mwanzo kuhusu tabia hii yanahusu dawa. Mwaka 1565 Nicolás Monardes, tabibu wa mji wa Sevilla nchini Hispania, aliandika juu ya mti ulioletwa kutoka Mexico ambao vipande vyake vililowekwa majini ili maji hayo yanywewe na wenye maradhi ya figo na mkojo. Maji hayo yalichukua rangi ya buluu ya ajabu, na kwa kuwa miti mingine haikuweza kutoa rangi hiyo, wanunuzi waliitumia kutenganisha dawa halisi na ya bandia. Kwa hiyo mng'ao ulitumika kuhakiki dawa karne kadhaa kabla ya mtu yeyote kueleza chanzo chake.

Uchunguzi wa kina ulianza Uingereza katikati ya karne ya 19, na kitu kilichochunguzwa kilikuwa kikijulikana popote palipokuwa na tiba ya malaria. Mwaka 1845 John Herschel aliripoti kwamba mmumunyo wa kwinini, dawa inayotokana na magome ya mti wa sinkona, hauonyeshi rangi yoyote mwanga unapopenya ndani yake, lakini hutoa utando mwembamba wa buluu upande ule unaopigwa na jua. Miaka saba baadaye George Gabriel Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilifumbua fumbo hilo. Aliupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo ili utawanyike kuwa rangi zake, kisha akaisogeza neli yenye mmumunyo wa kwinini kutoka upande wa nyekundu kuelekea urujuani. Katika sehemu kubwa ya rangi hizo mmumunyo ulibaki kama maji, lakini ulipofika ukingoni mwa urujuani, na hata ulipovuka ukingo huo na kuingia mahali ambapo jicho halikuona mwanga wowote, uling'aa kwa rangi ya buluu. Stokes alihitimisha kwamba kwinini hupokea miale isiyoonekana, ambayo leo huitwa miale ya urujuanimno, na kuitoa tena ikiwa na nguvu pungufu, yaani ikiwa imesogea upande wa rangi zinazoonekana. Tofauti hiyo kati ya mwanga unaoingia na unaotoka ndiyo msingi wa vipimo vyote vilivyofuata, kwa maana inawezekana kuuzuia mwanga wa kwanza kwa kichujio na kuubakiza wa pili peke yake juu ya kiza.

Wanakemia hawakuchelewa kuutumia ugunduzi huo. Mwaka 1867 Friedrich Goppelsröder wa Uswisi alionyesha kwamba morini, rangi inayopatikana katika mimea, hung'aa inapoungana na aluminiamu, na kwa njia hiyo aliweza kutambua uwepo wa metali hiyo katika mmumunyo. Hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa kihisio cha kwanza cha floresensi katika maana kamili ya neno hilo. Miaka minne baadaye Adolf von Baeyer wa Ujerumani aliunda floresini, rangi ambayo mng'ao wake wa kijani huonekana hata ikizimuliwa kupita kiasi. Mwaka 1877 kiasi cha kilo 10 hivi za rangi hiyo kilimwagwa katika maji ya mto Danube mahali yanapodidimia ardhini, na baada ya siku zipatazo mbili na nusu kijani chake kikaibuka katika chemchemi ya mto Aach, ikathibitika kwamba mito hiyo miwili imeungana chini ya ardhi. Kuanzia hapo haikuwa shida kupata rangi ya kutosha, wala usikivu wake haukutiliwa shaka.

Shida ilikuwa taa. Mwanga wa kuwasha rangi hizi ulipaswa kuwa mkali na wenye miale ya buluu au urujuanimno kwa wingi, na taa za kawaida hazikuwa na sifa hiyo. Hadubini za kwanza za floresensi, zilizotengenezwa na makampuni ya Ulaya kati ya mwaka 1911 na 1913, zilitegemea taa kali za umeme zilizohitaji uangalizi wa karibu, na baadaye zikafuatwa na taa za mvuke wa zebaki. Taa ya zebaki ilikuwa ghali, ilikuwa na sumu ndani yake, ilidumu kwa saa 200 au 300 tu kabla ya kubadilishwa, na kwa kawaida ilimlazimu msomaji kukaa katika chumba chenye giza. Kwa sababu hizo, P. K. H. Hagemann wa Ujerumani alipoonyesha, katika miaka ya mwisho ya 1930, kwamba rangi ya auramini huwafanya bakteria wa kifua kikuu wang'ae kwa rangi ya manjano kwenye mandhari nyeusi, njia yake ilipokewa katika maabara za miji mikubwa na kukomea huko. Hospitali nyingine duniani ziliendelea na njia ya Ziehl na Neelsen ya miaka ya 1880, ambayo huwapaka bakteria rangi nyekundu na kusomwa kwa hadubini ya kawaida.

Wakati huohuo palitokea hatua iliyoipa floresensi uwezo wa kuchagua. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard waliripoti kwamba wamefaulu kuifunga rangi ya floresensi kwenye kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na kimelea mahususi, bila kuzipotezea uwezo wa kukitambua kimelea hicho. Rangi sasa ilikwenda pale tu kingamwili ilipoipeleka. Kipimo cha kichaa cha mbwa kwa kingamwili zenye mng'ao, kilichoelezwa mwaka 1958, kingali kipimo cha kuaminika kupita vyote kwa ubongo wa mnyama anayeshukiwa, ingawa hadubini yake ilibaki kuwa chombo cha maabara kuu.

Vita Kuu ya Pili iliirudisha malaria katikati ya historia hii. Majeshi ya Japani yalipoiteka Java mwaka 1942, nchi zilizopigana nayo zilipoteza mashamba yaliyozalisha sehemu kubwa mno ya kwinini ya dunia, na ikabidi askari wapewe dawa ya kutengenezwa kiwandani iitwayo atebrini. Dawa hiyo iliwageuza ngozi kuwa ya manjano na kuwatapisha, na hakuna aliyejua kwa hakika dozi inayofaa. Katika Hospitali ya Goldwater jijini New York, chini ya uongozi wa James Shannon, Bernard Brodie na Sidney Udenfriend walitumia mng'ao wa dawa yenyewe kupima kiasi chake katika damu, kazi waliyoichapisha mwaka 1943. Ilibainika kwamba atebrini hujikusanya kwenye tishu na chembe nyeupe za damu, hivyo dozi ndogo za mwanzo zilimezwa na mwili kabla dawa haijafikia kiwango cha kutibu. Suluhisho likawa dozi kubwa mwanzoni, ikifuatwa na dozi ndogo za kukidumisha kiwango hicho. Robert Bowman, aliyetoka katika kundi hilohilo, baadaye alibuni mashine ya kupima mng'ao katika kila rangi, na kufikia mwaka 1956 ilikuwa imeanza kuuzwa. Mashine hiyo ilileta usahihi mkubwa, lakini iliufanya upimaji wa mng'ao uhitaji chumba maalumu, umeme wa uhakika na mtaalamu wa kudumu.

Njia ya kutoka katika hali hiyo ilifunguliwa na watafiti waliotaka kuuhamisha ujuzi kutoka kwenye mashine na kuuweka ndani ya molekuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Hans Kautsky wa Ujerumani alikwisha kuonyesha kwamba oksijeni huufifisha mng'ao wa rangi fulani. Mwaka 1975 Dietrich Lübbers na Norbert Opitz, waliofanya kazi mjini Dortmund, waliutumia ukweli huo na mwingine unaofanana nao kuunda vihisio vya oksijeni na kaboni dioksidi vinavyosomwa kwa mwanga tu. Kanuni ya Kautsky ilikuja kuingizwa katika neli ya kuoteshea bakteria wa kifua kikuu, ijulikanayo kama MGIT, ambayo chini yake ina silikoni yenye kemikali ya metali ya rutheniamu. Maadamu chakula kilichomo kina oksijeni, kemikali hiyo huwa imefifia. Bakteria wanapoota na kuitumia oksijeni hiyo, sehemu ya chini ya neli hung'aa kwa rangi ya chungwa ikimulikwa kwa taa ya urujuanimno, na jibu linaweza kusomwa hata kwa macho. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia ya kuotesha katika chakula cha majimaji, ambayo MGIT ni mfano wake mashuhuri, itumike pia katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Hatua kubwa zaidi ya kinadharia ilitoka mahali ambapo vyombo vya bei kubwa havikuwa vingi. Mwaka 1985, akiwa katika Chuo Kikuu cha Colombo nchini Sri Lanka, A. Prasanna de Silva alichapisha pamoja na mwanafunzi wake maelezo ya molekuli iliyoundwa kwa sehemu tatu zilizopangwa kwa makusudi: sehemu inayong'aa, sehemu inayokamata kemikali inayotafutwa, na daraja fupi kati yao. Sehemu ya kukamata ikiwa tupu, elektroni yake huruka kuvuka daraja na kuidaka nguvu ambayo sehemu ya kwanza imeipokea kutoka kwenye mwanga, na nguvu hiyo hupotea kama joto, hivyo molekuli hubaki gizani. Sehemu hiyo ikiisha kumkamata mgeni wake, elektroni hushikiliwa mahali pake, na molekuli huwaka. Mwendo huo wa elektroni chini ya mwanga ulikuwa umechunguzwa na wanafizikia-kemia, Albert Weller wa Ujerumani akiwa mmoja wa viongozi wao, lakini kuufanya kuwa kanuni ya kuundia vihisio vya kila aina, kwa kubadilisha sehemu moja bila kuzivuruga nyingine, ndiko kulikokuwa na upya. De Silva alihamia Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast, ambako kazi hiyo iliendelea kwa miongo kadhaa.

Matunda yake yalifika kitandani kwa mgonjwa kupitia damu. Daktari anayemhudumia mtu aliyeishiwa maji kwa kuhara, au mwenye figo zilizodhoofika, anahitaji kujua mapema kiasi cha sodiamu na potasiamu, kwa kuwa potasiamu ikipanda au kushuka kupita kiasi inaweza kuusimamisha moyo. Vipimo hivyo vilifanywa kwa mashine za maabara zilizohitaji kusafishwa na kusawazishwa kila mara. Kampuni ya AVL ya Graz nchini Austria, na baadaye Roche iliyokinunua kitengo chake cha vifaa vya tiba, ilitengeneza kasha dogo la kutumika mara moja, ambalo ndani yake mna vidoa vya vihisio vilivyogandishwa, kila kimoja kwa kemikali yake. Tone la damu huingizwa, taa ndogo huvimulika vidoa hivyo, na majibu hutoka baada ya dakika chache. Ugumu mkubwa ulikuwa potasiamu, kwa sababu katika damu sodiamu huizidi kwa zaidi ya mara 30, na kihisio kisichochagua vizuri huhesabu ya pili kana kwamba ni ya kwanza. Mwaka 2003 Huarui He na wenzake wa kampuni hiyo walichapisha molekuli yenye tundu lililopimwa kwa ukubwa wa ayoni ya potasiamu, ambalo ayoni ndogo ya sodiamu haikai ndani yake, na iliyofuata kanuni ya kuwaka na kuzima iliyoanzia Colombo.

Wakati kemia hiyo ikisonga mbele, jitihada nyingine zilielekezwa kwenye taa, na hapa Afrika Mashariki inaingia moja kwa moja. Mwaka 1991 Fumihiko Kawamoto, mtaalamu wa vimelea wa Japani, alieleza katika jarida la Lancet namna ya kuigeuza hadubini ya kawaida kuwa ya floresensi kwa kuweka kichujio kinachopitisha mwanga wa buluu pekee, huku chanzo cha mwanga kikiwa taa ya halojeni au hata jua. Damu ilipakwa akridini oranji, rangi inayoshikamana na viini vya seli. Kwa kuwa chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, hubaki kama kivuli hafifu, ilhali kimelea cha malaria kilichojificha ndani yake huonyesha kiini cha kijani kilichozungukwa na wekundu. Mwaka 1994 Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria wa Tanzania, kwa kushirikiana na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, ulianza kuieneza njia hiyo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imefikishwa katika hospitali 70 za mikoa na wilaya, na wataalamu wa maabara wapatao 400 walikuwa wamefundishwa. Jibu lilipatikana kwa dakika 3 hadi 10, wakati njia ya Giemsa iliyozoeleka ilichukua dakika 45 au zaidi, na kwa mama aliyetoka mbali na mtoto mwenye homa tofauti hiyo ilimaanisha kutibiwa kwa jibu la kipimo badala ya kwa kukisia.

Njia ya akridini oranji ilikuwa na mipaka yake. Vimelea vikiwa vichache iliweza kuvikosa, na kutofautisha aina za vimelea kulikuwa kugumu mara nyingine. Zaidi ya hayo, bado ilimhitaji mtu wa kukaa kwenye hadubini, na zahanati nyingi hazikuwa na mtu huyo wala hadubini yenyewe. Vipimo vya haraka vya malaria, vinavyojulikana nchini kama mRDT, ambavyo huonyesha mstari wa rangi kwenye kipande cha plastiki bila taa wala mashine, vilipoenea katika muongo uliofuata, ndivyo vilivyofika vijijini. Floresensi ilikuwa imeshinda kikwazo cha taa, lakini kikwazo cha msomaji kilikuwa bado kimesimama.

Katika kifua kikuu mambo yalikwenda vingine, kwa sababu huko msomaji alikuwapo tayari. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1977 na kushauriwa na Karel Styblo, ulikuwa umejenga mtandao wa maabara za wilaya zinazopima makohozi kwa hadubini, na mfano wake ukaja kuwa msingi wa mkakati wa dunia nzima wa kupambana na ugonjwa huo. Kilichokosekana ni mwanga mzuri. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nichia nchini Japani, alitoa taa ya LED ya buluu yenye mwanga mkali, na ni mwanga wa buluu hasa unaoiwasha auramini. Taa hiyo huweza kudumu kwa makumi ya maelfu ya saa, huendeshwa hata kwa betri, haina zebaki wala haihitaji chumba chenye giza. Kwa kuwa bakteria wanaong'aa huonekana kwa ukuzaji mdogo, msomaji huliona eneo kubwa la slaidi kwa mtazamo mmoja, humaliza slaidi kwa muda mfupi zaidi, na kwa wastani hugundua wagonjwa wengi zaidi kwa takriban asilimia 10 kuliko kwa njia ya Ziehl na Neelsen. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilichapisha sera ya kupendekeza hadubini za LED zichukue hatua kwa hatua nafasi ya zile za zamani. Tangu Hagemann ilikuwa imepita miaka zaidi ya 70, na katika muda huo wote auramini haikubadilika.

Kikwazo cha msomaji kilikuja kuondolewa na molekuli nyingine. Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Kramer wa New York walieleza kipande cha DNA kilichojikunja, chenye rangi ya floresensi ncha moja na kizimishi ncha ya pili, ambacho hujikunjua na kuwaka pale tu kinapokutana na DNA inayolingana nacho. Vipande vitano vya aina hiyo ndivyo vilivyowekwa katika kipimo cha Xpert MTB/RIF, ambacho hutambua kwa muda usiozidi saa mbili kama makohozi yana bakteria wa kifua kikuu na kama bakteria hao ni sugu kwa dawa ya rifampisini, huku mashine yenyewe ikitoa jibu bila mtu kutazama chochote. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi sita ambako kipimo hicho kilijaribiwa katika huduma za kawaida, na Shirika la Afya Duniani lilikipitisha mwezi Desemba 2010.

Hapo gharama iliibuka tena kwa sura mpya. Taa sasa ilikuwa rahisi na msomaji hakuhitajika, lakini kemikali zote zilifungwa ndani ya kibweta cha plastiki kinachotengenezwa na kampuni moja, kinachofaa katika mashine ya kampuni hiyo pekee na kutupwa baada ya mgonjwa mmoja. Mwaka 2012 bei ya kibweta kwa nchi zinazostahiki punguzo ilishushwa kutoka dola 16.86 hadi dola 9.98 kwa fedha za wafadhili, na mwaka 2023, baada ya shinikizo la muda mrefu la wanaharakati, ikashuka hadi dola 7.97. Mapunguzo hayo hayakutokana na ugunduzi wowote wa kikemia. Yalitokana na majadiliano ya bei, ahadi za ununuzi wa pamoja na hoja za wazi kuhusu gharama halisi ya uzalishaji. Tangu Stokes hadi Nakamura, uwezo wa maskini kupimwa ulitegemea kile ambacho maabara ziliweza kubuni. Kwa vihisio vya leo, vya damu na vya kifua kikuu pia, unategemea zaidi masharti ambayo wizara za afya zinayakubali zinaposaini mikataba ya kununua vibweta, vipuri na matengenezo, na eneo hilo bado halijapata watafiti wengi kama ilivyowapata floresensi yenyewe.